Mpangilio wa matangi, vitanda na mabomba ya akwaponiki ndani ya kitalu nyumba

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Ninajiandaa kujenga mfumo wa akwaponiki, yaani ufugaji wa samaki na kilimo cha mboga vinavyotumia maji yale yale, ndani ya kitalu nyumba kilichoko nyuma ya nyumba ninayoishi, na kabla sijanunua bomba hata moja ningependa mchoro wangu upitiwe na watu wenye uzoefu. Nitakuwa na tangi la perege la lita 1000, vitanda vitatu vya changarawe vyenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha changarawe cha sentimita 30, pamoja na tangi la chini la lita 400 litakalofukiwa ardhini. Pampu moja itakaa katika tangi hilo la chini na kupandisha maji hadi kwenye tangi la samaki. Kutoka hapo maji yatafurika yenyewe kwa mteremko na kuingia vitandani, kisha yatarudi chini kupitia sifoni ya kengele ya kila kitanda, yaani bomba la wima lililofunikwa kwa bomba pana, ambalo humwaga maji yote kwa mkupuo kitanda kinapojaa.

Fundi bomba amenishauri nitumie bomba la milimita 25 kila mahali ili viungio vyote viwe vya aina moja, nami sijui kama ushauri huo unafaa kwa maji yanayoteremka bila kusukumwa. Pampu niliyoiona imeandikwa kuwa inatoa lita 2000 kwa saa, na kimo chake cha mwisho, yaani kimo ambacho haiwezi kupandisha maji kupita hapo, ni mita 2. Je, vipimo hivi vinapatana? Na je, kuna jambo la kuogopa kuhusu kuweka samaki chini ya paa la plastiki?

Jibu la kwanza

Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla gundi haijapakwa, kwa sababu kosa la kimo au la ujazo halirekebishiki katika mfumo huu bila kukata mabomba. Nianze na tangi la chini, ambalo ndilo lenye tatizo kubwa zaidi katika mchoro wako. Changarawe hubakiza kati ya mawe yake nafasi inayokaribia asilimia 40 ya ujazo wote, na nafasi hiyo ndiyo inayoshika maji. Ukiacha sentimita 5 za juu ziwe kavu, kama inavyopasa ili mwani usiote na mashina ya miche yasioze, kila kitanda kitakuwa na sentimita 25 zinazolowana, na maji yake yatakuwa kama lita 200. Vitanda vitatu vinashika lita 600. Hakuna kinachozuia vyote vitatu kujaa kwa wakati mmoja, na hilo likitokea tangi lako la lita 400 litakuwa limekauka zamani na pampu inavuta hewa. Vikimwaga kwa pamoja, maji yatafurika sakafuni.

Tafuta tangi la chini lenye lita 900 hadi 1000. Humo utapata lita 600 za kupanda na kushuka, maji yasiyopungua ya kuifunika pampu, na nafasi tupu ya juu kwa ajili ya maji yatakayoendelea kuteremka kutoka tangi la samaki pampu itakapozimika. Kama shimo la ukubwa huo halichimbiki hapo ulipo, kifanye kitanda kimoja kiwe na kiwango cha maji kisichobadilika, yaani maji yapite tu juu ya bomba la wima bila sifoni, na kupanda na kushuka kwa maji kutabaki lita 400.

Sasa vimo. Chukua uso wa ardhi uwe sifuri. Vitanda vikiinuliwa sentimita 50, kingo zake zitafika kwenye sentimita 85 hivi, kwa hiyo mdomo wa kufurikia wa tangi la samaki lazima uwe juu ya hapo. Mimi ningeuweka kwenye sentimita 110, na bomba la kuingizia maji lipite kwenye sentimita 125. Maji ya tangi la chini yakiwa yamepungua kabisa yatakuwa kama sentimita 45 chini ya ardhi. Jumlisha: pampu itapandisha maji mita 1.7. Zile lita 2000 zilizoandikwa kwenye boksi hupatikana pale tu pampu isipopandisha maji hata kidogo, na pampu ambayo kimo chake cha mwisho ni mita 2 itatoa maji machache mno kwenye mita 1.7, hata kabla ya kuhesabu msuguano wa kona. Unachohitaji ni maji ya tangi la samaki kuzunguka yote mara moja kwa saa, yaani lita 1000 kwa saa kwenye kimo hicho. Tazama jedwali la mtengenezaji, uchague pampu inayofika mita 3 au zaidi, kisha weka koki kwenye tawi linalorudisha maji ya ziada katika tangi la chini badala ya kuibana pampu yenyewe.

Usisahau uzito. Tangi la samaki likijaa ni tani 1 ya maji peke yake, na kitanda kimoja chenye changarawe na maji nacho hupita tani 1. Shindilia udongo, jenga nguzo za matofali ya zege, na uhakikishe kwa pimamaji kabla ya kuweka chochote, kwa sababu kitanda kilichoinama hubakiza maji upande mmoja ambayo sifoni haitayafikia kamwe.

Jibu la pili

Ninaunga mkono hesabu za aliyetangulia, nami niongeze kuhusu vipenyo na sifoni. Ushauri wa fundi unafaa kwa upande wa pampu tu: lita 1000 kwa saa hupita vizuri katika bomba la milimita 25. Maji yanayoteremka hayana nguvu nyingine ila ya kimo, na yanayotoka kwa samaki hubeba kinyesi, kwa hiyo bomba la kutoka tangi la samaki liwe la milimita 50, lenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Bomba la milimita 50 lina eneo la ndani mara nne ya lile la milimita 25, na tofauti hiyo ndiyo itakayozuia tangi lisifurike siku uchafu utakaposhika kwenye kona.

Kwa upande wa sifoni, lita 1000 zikigawanywa sawa, kila kitanda kitapata kama lita 333 kwa saa na kujaa baada ya dakika 36 hivi, mwendo ambao unawafaa mizizi na bakteria wanaogeuza taka ya samaki kuwa chakula cha mimea. Bomba la wima liwe la milimita 25, na juu yake vika kiungio cha kupanulia hadi milimita 50 ili kiwe kama faneli; maji yanapoufikia mdomo mpana kama huo huanguka kwa wingi na kuondoa hewa, ilhali kwenye mdomo mwembamba hutiririka kidogo kidogo na sifoni haianzi. Kengele yenyewe iwe bomba la milimita 75 au zaidi ili faneli ipate nafasi, iliyozibwa juu na kukatwa meno ya sentimita 2 chini, na kati ya kengele na changarawe weka bomba la milimita 110 lililotobolewa matundu ili mawe na mizizi visiingie. Chini ya kitanda tia kona moja kabla ya bomba kumwaga maji, kwa kuwa inasaidia sifoni kushika, lakini mdomo wa mwisho usizame ndani ya maji ya tangi la chini, la sivyo hewa itakosa pa kutokea.

Sifoni isiyoanza kwa kawaida inapata maji machache kupita kiasi. Sifoni isiyokata inapata mengi mno, au hewa haiingii kwa haraka kwenye meno ya kengele, na hapo mpira mwembamba unaoanzia juu ya kengele na kuishia usawa wa meno hutatua jambo. Kila kitanda kiwe na koki yake ya kuingizia maji, na kila kimoja kimwage moja kwa moja katika tangi la chini. Ukiziunganisha sifoni tatu katika bomba moja jembamba, moja ikimwaga kwa nguvu itazirudishia nyingine maji. Bomba la wima na kengele visigandishwe kwa gundi, kwani utavitoa kuvisafisha mara kwa mara.

Mwuliza swali anaongeza

Ninawashukuru sana, nami nimekubali kulikuza tangi la chini. Naomba mnieleze pia kitakachotokea umeme ukikatika usiku, kwa sababu hilo linanitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Jibu la tatu

Wasiwasi wako ni wa haki, na jibu lake liko kwenye mabomba mawili. La kwanza ni lile linaloingiza maji katika tangi la samaki: likizama ndani ya maji, pampu ikizimika litageuka kuwa sifoni na kuyarudisha maji ya samaki chini. Liishie juu ya uso wa maji, au litobolewe tundu dogo juu ya uso huo ili hewa iingie. La pili ni bomba la kutolea. Wengi hulianzisha karibu na sakafu ya tangi ili livute kinyesi, kisha hulipandisha hadi kimo cha kufurikia, na huo ni mpangilio bora kabisa. Ila pale juu linapopinda kwenda nje lazima pawe na tii, yaani kiungio chenye midomo mitatu, ambayo mdomo wake mmoja unaangalia juu na haujazibwa. Mdomo huo ukizibwa kwa ajili ya unadhifu, bomba lote laweza kujaa maji na kulinyonya tangi hadi chini, na samaki wakabaki kwenye matope. Zima pampu kwa makusudi kabla ya kuleta samaki, usubiri maji yatulie, kisha uone kila tangi limebaki na kiasi gani.

Maji yakiwa salama, kinachobaki ni oksijeni, ambayo isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Weka pampu ya hewa inayotumia betri na kujiwasha yenyewe umeme unapokatika. Hapa ndipo kitalu nyumba kinapoingia katika hesabu: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban 7.5 tu, huku samaki wakihitaji zaidi kadiri wanavyopata joto. Perege wanastawi kati ya nyuzi 27 na 30, lakini mchana wa jua kali paa la plastiki laweza kuyapitisha maji hapo. Weka madirisha ya juu yanayofunguka, tangi la samaki liwe upande wenye kivuli na lifunikwe, na mabomba yote yawe yasiyopitisha mwanga ili mwani usijenge ndani yake.

Kuhusu vifaa, epuka mabomba ya shaba na ya mabati, kwa kuwa shaba na zinki huwadhuru samaki. Dondoshea changarawe siki: ikitoa povu ina chokaa, nayo itapandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake, ambacho hushuka asidi inapozidi. Chagua mawe ya milimita 8 hadi 20 na uyaoshe mpaka maji yatoke safi.

Kisha uwe na subira. Bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kujijenga, na maji ya bomba yenye klorini lazima kwanza yakae yakipuliziwa hewa, la sivyo yatawaua. Amonia na nitriti zikikaribia sifuri, anza na samaki wachache. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hupendekeza gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, kwa hiyo vitanda vyako vya mita 6 za mraba vinatosheka na gramu 240 hadi 300. Kazi ya bakteria hushusha pH polepole. Ikielekea chini ya 6, wanazubaa, basi ipime kila wiki na uipandishe taratibu hadi kati ya 6.5 na 7.

Mwisho, chora kwenye ukuta wa ndani wa tangi la chini alama ya maji vitanda vyote vikiwa vitupu. Kila asubuhi ya jua maji yatapungua kidogo kwa kunywewa na mimea na kugeuka mvuke, nawe utaongeza hadi kwenye alama hiyo wakati vitanda ni vitupu, si wakati vimejaa.