MREJESHO: Mtoto mwenye ualbino shuleni

Wakuu, niliuliza shule na majirani wamsaidieje mtoto mwenye ualbino ili jua lisimuunguze. Asanteni sana, haya ndiyo yanayofanyika sasa.

Losheni ya kukinga jua ni ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 kwenda juu. Inapakwa dakika 20 kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa 2 akiwa nje. Kinachoharibu ni kupaka asubuhi tu, au kupaka kidogo ili chupa idumu. Kinga inashuka sana. Masikio, midomo na nyuma ya shingo husahaulika. Mafuta ya nazi hayatoshi kabisa, tafadhali msimshauri mzazi hivyo. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, maana chepeo huacha masikio wazi. Michezo imehamishiwa kabla ya saa 4 asubuhi. Jua kali ni kuanzia hapo hadi saa 10 jioni.

Darasani, kwa kuwa ualbino hudhoofisha pia macho, anakaa mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na anaruhusiwa kusogelea ubao. Kwa usalama wake, njiani anatembea na wenzake, na majirani wana 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania.

Kidonda kisichopona ndani ya wiki 4 kipelekwe kliniki ya ngozi.