Kiti cha ofisi kimeinama kushoto: nianzie wapi kukitengeneza?

Swali (karani, Kisumu)

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni karani katika duka la vifaa vya shule hapa Kisumu, na kazi yangu ni ya kuketi tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Kiti changu cha magurudumu kimeanza kuinama upande wa kushoto, na kila nikigeuka kuchukua faili, kinalia "kwach" chini yangu. Fundi mmoja aliniambia kwamba silinda ya gesi, ile nguzo inayopandisha na kushusha kiti, imekwisha na kwamba ninunue kiti kingine, ingawa hiki bado kinapanda na kushuka vizuri. Kiuno kinaniuma, na ningependa kujua kosa liko wapi kabla sijatoa pesa.

Jibu (fundi wa samani, Nakuru)

Pole sana, ndugu yangu. Silinda iliyoishiwa gesi hushuka yenyewe unapoikalia. Kama yako inabaki pale ulipoiweka, usikubali kutupa kiti. Keti, tazama kinaelemea wapi, kisha jizungushe robo ya mzunguko huku miguu ya kiti ikibaki mahali pake. Ikiwa mwinamo unakufuata, yaani bado uko kushoto kwako, kosa liko juu, kwenye kikalio, bamba la chuma linalokibeba au shingo ya silinda. Lakini mwinamo ukibaki umeelekea ukuta uleule, angalia gurudumu, mguu uliopasuka au sakafu yenyewe.

Jibu (karani)

Asante. Nimejaribu, na mwinamo unanifuata.

Jibu (fundi wa samani, Nakuru)

Basi pindua kiti ukilaze juu ya meza. Utaona bolti nne zinazoshika bamba kwenye ubao wa kikalio. Usishangae ukikuta zilizolegea ziko kulia, kwa maana upande ulioachia ndio unaoinuka, na ule mwingine ndio unaozama. Zirudishe zote kwa vidole kwanza, kisha uzikaze kwa kukingamisha, moja ya mbele kulia halafu ya nyuma kushoto, ili bamba likae sawa. Tia washa ya springi, yaani kipete cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti, kwa sababu bolti iliyokazwa bila hiyo hulegezwa tena na kule kuyumba kwa kila siku. Chunguza pia kama bamba lina ufa karibu na tundu la silinda.

Jibu (mwalimu, Kakamega)

Changu kilikuwa na ufa wa namna hiyo. Je, si rahisi kukipeleka kwa wachomeleaji wakaupiga moto papo hapo?

Jibu (fundi wa samani, Nakuru)

Mwalimu, naomba sana usifanye hivyo silinda ikiwa ndani. Ile ni naitrojeni iliyoshindiliwa, na joto huzidisha shinikizo lake hata chuma kikaweza kupasuka na kumuumiza mtu. Toa silinda kwanza, ukiigonga kwa nyundo ya mpira, ndipo bamba lichomelewe likiwa peke yake. Na usiitoboe kamwe, hata ikiwa imekufa.

Jibu (karani)

Narudi na habari. Bolti mbili za kulia zilikuwa zimelegea kweli. Moja ilikaza vizuri, lakini ya nyuma ilizunguka bila kushika, kwa kuwa nati yenye meno iliyopigwa ndani ya plaiwudi ilikuwa imekula ubao na kuzunguka pamoja nayo. Seremala wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, alifungua kitambaa, akainua sponji, akapitisha bolti kutoka juu ikiwa na washa pana, na kichwa chake akakizamisha ndani ya ubao ili nisikihisi. Alinionya nisitumie bolti ndefu kutoka chini, maana ncha yake ingepenya sponji na kunichoma. Leo nimegeukia faili tangu asubuhi, na ule mlio sijausikia.