MREJESHO: Joto hupimwaje tezi dume inapogandishwa?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliuliza hapa: baba akigandishwa tezi dume yenye saratani, daktari atajuaje baridi imetosha na haijaunguza utumbo? Nawaletea majibu, kutoka Lamu.

Tulimuuliza daktari mwenyewe. Akachora duara nyuma ya bahasha, akatia nukta pembeni. Ultrasaundi (mashine ya picha kwa mawimbi ya sauti) huonyesha ukingo wa barafu, na ukingo ule ni kama nyuzi 0 tu. Seli za saratani zinaweza kubaki hai hapo. Kinachotakiwa ni takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndiyo maana huchomekwa sindano nyembamba za kupimia joto ndani ya tezi, na nyingine karibu na ukuta wa utumbo na msuli unaozuia mkojo. Huko kukikaribia sifuri, gesi ya agoni, ndiyo inayogandisha, hufungwa. Hugandisha, huyeyusha, kisha hurudia. Mrija wa mpira unaopitisha maji ya vuguvugu hulinda njia ya mkojo.

Baba akauliza nguvu za kiume. Daktari hakumficha: mishipa ya fahamu imepakana na tezi, wengi hupungukiwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Baba amekubali. Mlionisisitiza tuulize kabla ya kutia saini, Mungu awalipe kheri.