Dableti za opali: jiwe gani la nyuma, gundi gani, na opali ibaki unene gani?

mkatavito_AR

Wakuu, habari za kazi. Nina vipande vya opali ya Coober Pedy (Australia) vyenye utepe wa rangi wa milimita 1 hadi 2 tu. Chini ya utepe ni opali ya kijivu isiyo na rangi yoyote, kwa hiyo kabochoni nzima (jiwe la mgongo wa mviringo lisilo na pembe) haitoki. Nataka kuvifanya dableti, opali juu na jiwe jeusi chini. Nina pia vipande vichache vya Wollo, Ethiopia. Vifaa: msumeno mdogo wa almasi, sahani bapa za almasi namba 280, 600, 1200 na 3000 (namba kubwa ndiyo laini zaidi), na oksidi ya seriamu ya kung'arishia.

Nyuma niweke jiwe gani? Gundi ipi inadumu? Na je, nipunguze opali kwanza ndipo nibandike, au nibandike kwanza?

JiweNaMsasa

Mkuu, kabla ya gundi pima kama kipande chenyewe kinastahili. Chukua kigae cheusi au kioo kilichopakwa rangi nyeusi upande wa nyuma, dondoshea tone la maji, laza opali juu yake chini ya taa. Rangi zikiamka papo hapo, endelea. Zikibaki vilevile, ujue opali hiyo ina weupe mzito usiopitisha mwanga, na jiwe jeusi halitaifanyia kitu. Ifanye kitu kingine.

Sababu ni hii. Rangi za opali zinatokana na vitufe vya silika vya nanomita 150 hadi 300 hivi, vilivyopangika kwa safu. Watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa sayansi huko Australia, waliuonyesha mpangilio huo kwa hadubini ya elektroni mwaka 1964. Mwanga ambao vitufe havikuugeuza kuwa rangi unapenya hadi chini. Ukikuta weupe unarudi juu na kuzifubaza rangi, ukikuta weusi unamezwa. Ndiyo maana ile tabaka ya kijivu chini ya utepe wako lazima iondoke yote. Ukiacha hata robo milimita, dableti itakuwa na ukungu na utailaumu gundi bure.

Kuhusu mpangilio wa kazi: bandika kwanza, punguza baadaye. Kipande cha milimita 1 ukikishika kwa vidole kwenye sahani inayozunguka kitavunjika, au kitaliwa upande mmoja. Saga upande wa *chini* tu, yaani toa kijivu chote mpaka uifikie rangi, kisha sawazisha kwa namba 600. Bandika. Gundi ikishakomaa ndipo ugeukie upande wa juu, sasa ukiwa umeshika jiwe lenye unene wa kueleweka. Juu punguza kidogo kidogo, ukisimama kila mara kutazama, maana kuna kina ambacho rangi huwaka kuliko vingine vyote na ukikipita hakirudi. Mara nyingi opali hubaki kati ya milimita 0.7 na 1.5. Ikishuka chini ya nusu milimita, hiyo tena si kazi ya dableti. Inahitaji kofia ya kwatzi au kioo juu yake, yaani tripleti.

Usawa wa uso ndio kazi yote. Chora mistari ya kalamu ya maka juu ya uso mzima, weka msasa wa maji namba 600 juu ya kioo kinene, sugua kwa mviringo bila kukandamiza. Maka ikifutika katikati huku pembeni imebaki, uso umebinuka. Ifutike yote kwa pamoja. Fanya vivyo hivyo kwa jiwe la nyuma, halafu laza nyuso mbili zikiwa na maji katikati: zikikamatana na kuteleza bila kucheza, tayari. Uso wa gundi usiupeleke kwenye 3000 wala usiung'arishe, gundi inahitaji mahali pa kushika. Mikwaruzo ya 600 haitaonekana, gundi inaijaza.

Eburru_254

Kwa jiwe la nyuma, wenzetu Australia hutumia opali nyeusi isiyo na rangi za kumeremeta kutoka Lightning Ridge, au lile jiwe la chuma (mwamba wenye madini ya chuma) la Queensland. Huku kwetu usihangaike kuagiza, obsidiani (kioo cheusi cha volkano) ya Naivasha na Eburru, Kenya, inafaa kabisa. Chagua nyeusi tupu isiyo na mistari ya kijivu wala vitundu, na usiishushe chini ya milimita 1.5. Ikiwa nyembamba sana inapitisha mwanga ukingoni na weusi unapungua.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Ugumu wa obsidiani kwa kipimo cha Mohs ni 5 hadi 5.5, opali ni 5.5 hadi 6.5. Yanaliwa karibu sawa kwenye sahani. Ukiweka oniksi nyeusi, ambayo ni 6.5 hadi 7, opali italiwa haraka kuliko jiwe la chini na utabaki na ngazi ndogo kwenye kiungio. Ukipitisha ukucha unaisikia. Oniksi inawezekana, ila tumia sahani kali na mkono mwepesi. Basalti nayo ni nyeusi na iko kila mahali, lakini nyingi ina vitundu vya hewa. Vitundu hivyo hunyonya gundi na kuacha madoa chini ya opali.

Obsidiani ni kioo: ikikatika ukingo wake unachana mkono. Na kila kitu kifanyike kwa maji, vumbi la silika si la mchezo.

bandari_vito

Mimi naongelea gundi, hasa kwa walio Mombasa, Dar na Unguja ambako hewa ina unyevu.

Tumia epoksi ya sehemu mbili inayokomaa polepole, ile ya saa 24. Ya dakika tano iache kwa vikombe vilivyovunjika. Inanyonya unyevu, na pia haikupi muda wa kutoa viputo. Supa gluu nayo usiiweke kwenye kiungio, ni kavu mno na maji huishinda.

Pima resini na hadina (ile sehemu ya pili inayokazisha) kama chupa inavyosema, kwa mzani mdogo ukiweza. Changanya dakika mbili kamili juu ya kigae kwa mwendo wa kukunja. Ukipigapiga kama mayai unaingiza hewa. Kama unataka kiungio cheusi, ongeza masizi makavu yaliyochekechwa, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno kwa gundi ya ukubwa wa harage. Yakizidi gundi haikazi. Kwa obsidiani iliyo nyeusi vizuri masizi si lazima, na bila masizi utaweza kuviona viputo.

Futa nyuso zote mbili kwa asetoni, usiguse tena kwa kidole. Pasha mawe na gundi taratibu hadi nyuzi 40 hivi, chini ya balbu inatosha; gundi inakuwa nyepesi na viputo vinapanda vyenyewe. Weka tone katikati ya obsidiani, shusha opali ikianzia ukingo mmoja kama unavyofunga kitabu, kisha izungushe kwa kidole hadi gundi itoke pande zote. Juu weka uzito mdogo, gramu 200 zinatosha. Wengi wanakaza kwa jiliwa, gundi yote inatoka, kiungio kinabaki kikavu na kinaachia baadaye.

Hewa yenye unyevu huacha utando wa mafuta juu ya epoksi inayokomaa. Funga kazi yako ndani ya kopo lenye vifuko vya silika jeli. Na ile gundi iliyobaki kwenye kigae usiitupe: kesho yake ichome kwa ukucha. Ikiacha alama, usiguse jiwe.

mkatavito_AR

Nimewaelewa wakuu, shukrani. Mbili zimebaki. Kijiti cha kushikia jiwe nikiweke kwa nta ya moto kama kawaida? Na hizi za Wollo mbona hamjazigusa?

JiweNaMsasa

Nta ya moto hapana. Opali ina maji ndani, kwa kawaida asilimia 3 hadi 10, na joto la ghafla linaipasua vijistari kama matope yaliyokauka. Isitoshe epoksi nyingi zinaanza kulegea karibu na nyuzi 60. Acha obsidiani ikiwa nene kuliko unavyohitaji, bandika msumari wenye kichwa bapa nyuma yake kwa supa gluu. Ukimaliza kazi usiiloweke kwenye asetoni ili kuutoa, asetoni itasumbua na kiungio chako. Pitisha msumeno kwenye hiyo nyama ya ziada ya obsidiani, msumari unaondoka nayo.

Kwa upande wa juu: 600 kutengeneza mgongo, uwe mlalo, ukiuinua sana kingo zitafika kwenye obsidiani kabla ya katikati. Halafu 1200, 3000, kisha seriamu kwenye ngozi au felti iliyolowa, mwendo wa polepole. Ukingo wa chini wa obsidiani ukate mshazari wa nusu milimita ili usimeguke wakati wa kuvalisha.

Wollo zile zilizoanza kutoka Wegel Tena, huko huko Wollo, mwaka 2008 ni habari nyingine, nyingi zinakunywa maji. Usiziweke kwenye dableti.

Eburru_254

Hapo kidogo napingana nawe mzee. Si zote za Wollo zinakunywa sawa. Ipime: iweke kwa mzani wa vito ikiwa kavu, iloweke saa 24, futa, pima tena. Uzito usipobadilika, ichukulie kama ya Australia.

JiweNaMsasa

Nakubali kipimo hicho. Lakini ikiongezeka uzito, sahau. Ukiibandika ikiwa imelowa, itakauka ikiwa imeshikiliwa upande mmoja na itapasuka. Ukiibandika kavu, siku mwenye pete atakaponawa maji yatapita ndani ya jiwe lenyewe hadi kwenye gundi. Hakuna ukingo wa kuziba hapo.

sonara_wa_mjini

Mwachie sonara nafasi. Hakikisha kiungio kinaangukia ndani ya ukuta wa bezeli (ule mkanda wa chuma unaozunguka jiwe), kisionekane juu yake. Bezeli ndiyo kinga ya kiungio dhidi ya maji na sabuni. Tumia fedha laini ya 999 unene wa milimita 0.3, ifunge kwa kusukuma. Kucha za chuma za kushikia jiwe hazifai, zinabonyeza opali sehemu chache tu. Kazi zote za moto, asidi na kung'arisha chuma ziishe kabla jiwe halijaingia. Mashine za kusafishia kwa mawimbi ya sauti au mvuke haziguswi kamwe.

Kwenye risiti andika "dableti". Mnunuzi mwenye lenzi ya mara 10 akiitazama kwa ubavu kabla haijavalishwa anaona mstari ulionyooka kabisa, wakati opali iliyozaliwa na jiwe lake la chuma ina mpaka wa kupindapinda.

Ikija siku moja na ukungu mweupe unaotambaa kutoka ukingoni, hayo ni maji kwenye kiungio. Kuongeza gundi pembeni kunaziba maji ndani. Toa jiwe, saga obsidiani yote kutoka nyuma hadi gundi iishe, sawazisha opali upya kwa 600, bandika obsidiani nyingine. Acha opali kwenye milimita 1 tangu mwanzo kama rangi inaruhusu, ndipo kuna cha kusaga siku hiyo.