Saigon au Hanoi kwa mtu anayetaka kuona historia ya vita kwa miguu?

Kisigino: Habari wakuu. Mwezi wa 11 nipo Vietnam kikazi, nitabakiwa na siku mbili za kuzurura. Nataka kuona mambo ya vita kwa miguu yangu, sitaki kuswagwa na basi la watalii kama mbuzi wa mnadani. Saigon (Ho Chi Minh City) au Hanoi? Waliofika naombeni ulinganisho.

MzeeWaKofia: Saigon, mkuu. Vitu vimekaribiana. Asubuhi mapema anza na ikulu ya zamani ya Vietnam Kusini, Dinh Doc Lap, ambako vifaru vya Vietnam Kaskazini vilivunja geti tarehe 30 Aprili 1975. Usikose kushuka handakini: ramani ukutani, simu za mezani, mitambo ya redio, utadhani maofisa wametoka kunywa chai. Juu ya paa kuna miduara miwili myekundu, ndipo zilipoangukia bomu za Nguyen Thanh Trung, rubani wa Kusini aliyeasi, wiki tatu kabla ya mji kuanguka. Ukitoka hapo, dakika kumi tu uko Makumbusho ya Mabaki ya Vita.

Bi Tausi: Hayo makumbusho ayaweke mwisho wa siku. Mimi nilianza nayo, nikaingia chumba cha picha za waathirika wa Agent Orange, ile sumu Wamarekani waliyonyunyiza misituni. Chakula cha mchana hakikupita. Nilikaa nje kwenye benchi nikitazama helikopta na ndege walizoegesha uani, nikashindwa hata kupiga picha.

Ndukidogo: Nawapinga wote. Hanoi! Nyuma ya kaburi la Ho Chi Minh, ingia vichochoro vya Ngoc Ha ufike bwawa la Huu Tiep. Ni bwawa dogo, maji ya kijani, limezungukwa na nyumba za watu, na katikati kimechomoza chuma chenye kutu na magurudumu yake: kipande cha B-52, ndege ya Kimarekani ya kudondosha mabomu, iliyotunguliwa Desemba 1972. Hakuna kiingilio wala foleni. Watu wanaanika nguo, wanauza mboga, maisha yanaendelea. Kwangu hicho kilisema zaidi kuliko ikulu nzima.

Kisha kuna gereza la Hoa Lo. Wafaransa walilijenga 1896 kuwafungia Wavietnam, baadaye wakafungwa humo marubani wa Kimarekani. Upande wa Wafaransa una mashine yao ya kukatia vichwa. Upande wa Wamarekani utaona picha za wafungwa wakicheza mpira wa kikapu. Mshindi ndiye aliyepanga picha, jiongeze.

MzeeWaKofia: Hilo bwawa sikulijua, nakubali. Ila Hanoi kule mji mkongwe njia za waenda kwa miguu zimegeuzwa maegesho ya pikipiki na vibanda vya supu. Unatembea barabarani na bodaboda muda wote.

Ndukidogo: Kwani Saigon hakuna pikipiki, mzee wangu? Kuvuka ni kulekule: nenda polepole, mwendo uleule, usirudi nyuma, usikimbie. Wao ndio watakukwepa. Wanaogongwa ni wenye kusitasita.

Kisigino: Nimesikia vile vifaru viwili vya ikulu vipo pale pale bustanini?

MzeeWaKofia: Vya bustanini ni vya aina ileile tu. Vyenyewe, namba 390 na 843, viko Hanoi.

Ndukidogo: Lakini asijidanganye kuvifuata kwa miguu. Makumbusho ya historia ya jeshi, kilipo 843, yalihamia nje kabisa ya katikati ya mji mwaka 2024. Badala yake avuke daraja la Long Bien jioni. Lilipigwa bomu mara nyingi, likawa linaungwaungwa. Treni inapita katikati, wewe na pikipiki mko pembeni, na kwenye nyufa za vibamba unauona mto chini.

Bi Tausi: Kazi yenyewe iko mji gani, mdogo wangu?

Kisigino: Hanoi, dada.

Bi Tausi: Sasa si ungesema mapema! Baki huko huko, siku mbili usizimalizie uwanja wa ndege.

Kisigino: Haya, Hanoi. Sandozi zinatosha?

Ndukidogo: Raba. Magurudumu ya pikipiki yatakukanyaga vidole.