MREJESHO: Spika za sebuleni zilizokuwa zinavuma besi

Wakuu, niliuliza humu kwa nini spika zangu mbili zinavuma besi huku sauti ya mwimbaji ikipotea. Asanteni sana wote mlionijibu, nimeyafanyia kazi.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kuzitoa kwenye kona. Nimezivuta kama nusu mita kutoka ukutani, halafu nikapima kwa futi kamba: spika hadi spika mita 2, na kila spika hadi ninapokaa mita 2 vilevile. Nimezipandisha kwenye stuli ili twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio, nikazigeuza kidogo zinielekee. Aisee! Mwimbaji sasa anasikika katikati kabisa, kama kasimama mbele ya TV, na magitaa ya rhumba yameachana, moja kushoto, jingine kulia. Hapo sijanunua kitu.

Zulia na mapazia mazito vimepunguza mwangwi wa vigae, ila besi havikuigusa. Trei za mayai za kubandika ukutani sikuweka, maana haziwezi kunyonya besi. Nikikaa kwenye kochi lililogusa ukuta, besi bado inavuma. Chumba kuwa cha mraba nako kunachangia, na kochi nikilisogeza mbele mlango haufunguki.