PS4 Slim, Series S au PS5 kwa gemu za risasi za kasi?

Mwana wa Tudor
Wakuu, naomba ulinganisho. Natafuta mashine ya gemu za risasi za kasi, zile mtu wako unamwona kwa mgongoni: Fortnite isiyo na ujenzi, Vanquish, Helldivers 2, na Returnal ikiwezekana. Zilizoko mezani ni PS4 Slim iliyotumika, Xbox Series S mpya, na PS5 ya diski iliyotumika. TV ni inchi 43, 60 Hz. Faiba ni Mbps 10, ruta iko sebuleni, mashine itakaa chumbani. Urembo wa picha si hoja. Nataka nikibonyeza, jamaa aruke papo hapo.

Kaskazi
Anza na gemu, mashine ije baadaye. Returnal (2021) iko PS5 na kompyuta peke yake. Helldivers 2 ilitoka PS5 Februari 2024, ikafika Xbox Series Agosti 2025, PS4 haimo. Vanquish ni ya 2010, lakini toleo jipya la 2020 la PS4 na Xbox One linacheza kwenye zote tatu ulizotaja, na ndilo la kutafuta: kwenye PS3 ilikuwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, hili ni 60. Fortnite iko kote.

Kwa hiyo ukiishikilia Returnal, ni PS5 na maneno yameisha. Ukiiacha, mimi ni Series S. PS4 Slim hutoa fremu 60 kwenye Fortnite, ila watu wakijazana penye vita zinaanza kushuka, na ndipo hasa unapozihitaji.

Binti Kisauni
Kaskazi, Series S unayoisifu ina upungufu ambao hukuutaja: pedi ya Xbox haina jairo, yaani kihisi cha mwendo. Kwenye Fortnite, pedi ya PS4 na ya PS5 zote hukuruhusu kulenga kwa kuinamisha mikono. Kijiti kinageuza mwili, mikono inamalizia shabaha. Weka jairo ifanye kazi ukishika L2 (kitufe cha nyuma cha kushoto) tu, la sivyo ukikohoa skrini yote inacheza.

Na hiyo Fortnite ya fremu 120 ya PS5 na Series S isikutoe roho. TV yako ni ya 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, haiwezi kuzionyesha. Fremu moja ya 60 ni kama milisekunde 16.7, ya 30 ni 33.3. TV isiyowekwa modi ya gemu inaweza kukuongezea makumi ya milisekunde juu ya hizo, na hapo utailaumu mashine bure. Kwenye TV nyingi modi hiyo huwashwa kwa kila tundu la HDMI peke yake: ukihamisha waya kwenda tundu jingine, iwashe tena. Zima pia ile kazi ya kulainisha mwendo wa picha. Inatunga fremu za uongo katikati ya zile za kweli, kwa hiyo TV lazima isubiri.

Shaba wa Likoni
Tuje kwenye mtandao, maana Fortnite si ya mashine pekee. Fungua mipangilio, tazama orodha ya maeneo ya seva. Kila moja lina milisekunde zake. Usichague Ulaya kwa mazoea. Kebo ya baharini ya TEAMS inatoka hapa Mombasa kwenda Fujairah, na seva za Mashariki ya Kati ziko Bahrain, kwa hiyo kwa masafa huko ni karibu zaidi. Lakini kampuni nyingine hupeleka data Ulaya kwanza kisha huirudisha, na hapo karibu inageuka mbali. Pima asubuhi, pima tena saa tatu usiku, chukua lenye namba ndogo isiyorukaruka. 70 iliyotulia ni bora kuliko 50 inayopanda 200 kila dakika.

Toka sebuleni hadi chumbani vuta waya wa Cat5e. Ikishindikana tumia Wi-Fi ya 5 GHz. Hiyo ya 2.4 kwenye nyumba za ghorofa ni soko la Kongowea, kila mtu anapiga kelele.

Halafu Mbps 10 na Series S ni ndoa ngumu: haina mlango wa diski. Gemu ya GB 100 ni saa 22 kama laini haijayumba. Tena SSD (hifadhi) ya ile ya GB 512 inakuachia GB 364 tu.

Mwana wa Tudor
Shukran. Kumbe diski ni hoja kubwa. Na akaunti je? Kenya siioni kwenye orodha ya PlayStation.

Shaba wa Likoni
Haimo. Watu hufungua ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Fikiri kabla, maana nchi ya akaunti haibadilishwi. Kadi ya kununulia lazima iwe ya nchi hiyo hiyo, na diski ya Uingereza haikubali vitu vya ziada vya gemu vilivyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani. Fortnite mtandaoni haidai usajili wa kulipia. Helldivers 2 inadai, PS5 na Xbox vilevile.

Fundi Majengo
Mnasahau chumvi, yakhe. Mashine iliyotumika Nyali au Shanzu mbele ya bahari, mtazame vyuma vyake kabla ya bei. Chungulia kwa tochi ndani ya HDMI, USB na tundu la waya wa mtandao: kijani au kutu, ondoka. PS5 vifuniko vya ubavu vinatoka bila bisibisi, mwambie muuzaji avitoe uone feni. Kisha icheze dakika 30 bila kuzima, gemu nzito, si menyu. Ikijizima yenyewe, hiyo si vumbi la kupuliza tu. PS5 ina metali ya majimaji ya kupitisha joto juu ya chipu, si kila fundi wa mtaani aiguse.

PS4 Slim shida yake ni diski ngumu: stima ikikatika inapoandika, data huvurugika. Ikigoma kuwaka sawasawa, izime, shika kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya, chagua kujenga upya hifadhidata. Michezo haifutiki. UPS (betri ya akiba) ya 650 VA inatosha mashine na TV yako kwa dakika za kuhifadhi na kuzima.

Mwana wa Tudor
Basi naelekea PS5. Kwenye Vanquish, mbona suti inazimika katikati ya mtelezo?

Kaskazi
Nishati imekwisha. Kuteleza na kulenga polepole hula mita moja, na ngumi huikomba yote kwa mpigo. Iachie kabla haijaisha, pumzika nyuma ya ukuta kidogo, inajaa upesi. Ukiimaliza, suti inachemka na unabaki unatembea kwa miguu mbele ya roboti.

Fundi Majengo
Ukienda kuitazama hiyo PS5, jaribu L2 ya pedi yake kwanza. Returnal hutumia nusu ya kitufe kulenga na kukizamisha chote kwa shambulio la pili. Kitufe kilichochoka hakikupi hiyo nusu. Vijiti navyo: viachie, kwenye mipangilio punguza eneo lisilosikia (deadzone, mwendo mdogo wa kijiti unaopuuzwa) kidogokidogo, na jamaa akianza kutembea peke yake wakati bado liko juu, pedi hiyo iondoe kwenye bei.